Kaburi lililovurugwa maana yake nini?

Ukisoma habari za makaburi ya enzi za Warumi yanayochimbuliwa Ulaya, hili neno utakutana nalo sana, kaburi lililovurugwa, na wengi wakilisikia wanaona basi, hapo hamna kitu tena. Si kweli kabisa.

Kuvurugwa ni pale kaburi linapoingiliwa baada ya maziko, yani wezi wamelifungua, au plau ya trekta imelikwangua juu, au mtaro wa bomba umepita katikati, au watu wa baadae wamemzika mtu wao hapohapo. Kinachoharibika kwanza ni mpangilio. Warumi wengi walizikwa na vitu vyao, chungu, taa, kichupa cha kioo cha mafuta, saa ingine na sarafu mdomoni iwe nauli ya yule mvushaji wa roho mtoni. Sasa bangili ikikutwa kwenye mfupa wa mkono unajua marehemu alivikwa, ikikutwa kwa miguuni basi iliwekwa tu pembeni yake, ila ikikutwa imechanganyika na udongo ndo imeshakuwa bangili tu, na hapo ndo wanaakiolojia wanapoumia, wizi wa dhahabu ni jambo la pili.

Chukua la London. Mwaka 2017 pale Harper Road, Southwark, lilitoka ardhini jeneza zima la jiwe la karne ya 4, zito kama tani mbili na nusu. Mfuniko umepasuka na umesogezwa, wezi walishapita, inadhaniwa karne ya 18, wakachukua walichokiona na kuacha jeneza likajaa udongo. Huo udongo ndo uliokuwa hazina! Ulipochambuliwa polepole ikatoka mifupa ya mwanamke, mifupa kidogo ya mtoto mchanga, kipande kidogo mno cha dhahabu labda cha hereni, na kijiwe cha pete cha yaspi, jiwe la thamani ambalo jina lake limo kwenye Ufunuo, kimechongwa kiumbe wa hadithi zao nusu mtu nusu mbuzi. Inagusa moyo kwa kweli. Lakini ukiuliza kama yule mtoto alizikwa pamoja na yule mama, mifupa haiwezi kukujibu, kwa sababu wezi walishavuruga kila kitu.

Kuna kingine ambacho mwizi hawezi kuondoka nacho. Bangili ya shaba ikikaa miaka mingi kwenye mfupa inaacha doa la kijani, kwa hiyo hata ikiibwa, doa linakwambia ilikuwa mkono gani. Na viatu vyao vilipigwa misumari midogo ya chuma kwenye soli, ngozi inaoza misumari inabaki, kwa hiyo kaburi linaweza kuwa limekatwa lote kuanzia magotini kwenda juu, halafu ukifagia udongo taratibu upande wa chini unaikuta misumari imelala kwa umbo la nyayo mbili, ya kushoto na ya kulia.