Chembe nyeupe za damu: sigara ya kawaida na ya kielektroniki

Navuta pakiti moja kwa siku. Nimepima FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) hapa Mbeya, chembe nyeupe zimefika 12.0, na sina homa. Nina maambukizi?

Si lazima. Namba hiyo ni chembe 12,000 katika maikrolita moja ya damu. Kiwango cha mtu mzima kwa kawaida ni 4,000 hadi 11,000. Moshi huchubua njia ya hewa kila siku, mwili unadhani kuna kidonda, nao uboho wa mifupa unaachia neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, nyingi zaidi. Nikotini pia huamsha adrenalini, ambayo hubandua chembe zilizoshikamana na kuta za mishipa na kuziingiza kwenye mzunguko. Kwa hiyo usivute asubuhi ya kipimo, na mwambie daktari kwamba unavuta, la sivyo unaweza kuandikiwa antibayotiki bure. Ila zikizidi kupanda, au ukikonda na kutoka jasho usiku, rudi upesi. Hizo zinaweza kuwa dalili za saratani ya damu, ambayo benzini, kemikali iliyomo kwenye moshi, inaweza kuisababisha.

Chembe zikiwa nyingi, si ndiyo kinga imara?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Makrofeji, chembe zinazomeza vijidudu ndani ya mapafu, kwa mvutaji huwa nyingi lakini zimejaa masizi ya kahawia, hivyo humeza vibaya. Ndiyo maana hatari ya kuugua kifua kikuu huongezeka takriban maradufu. Baridi ya Juni ikikufungia Makambako au Uyole kwenye jiko la kuni, mapafu yaleyale yanabeba moshi wa pili. Ukikohoa wiki 2, peleka makohozi kituoni. Kipimo na dawa za TB ni bure.

Vijana wa Iringa mjini wanasema vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni mvuke tu.

Si mvuke wa maji. Ni gliserini, propilini glaikoli, ladha na mara nyingi nikotini, vikichemshwa na waya. Ni kweli haina lami ya tumbaku iliyoungua, na hesabu ya chembe kwenye damu haipandi kwa uhakika kama kwa sigara. Usitulizwe na karatasi ya majibu ya damu: mapafuni, neutrofili za mtumiaji humwaga elastezi, kimeng'enya kinachokula nyuzi za mapafu, na kemikali ya ladha ya mdalasini hudhoofisha chembe zinazomeza vijidudu. Anayechanganya vepu na sigara bado anabeba madhara ya sigara.

Nikiacha?

Hesabu huanza kushuka ndani ya wiki chache. Rudia FBP baada ya miezi 3. Aliyevuta sana kwa miaka mingi huchukua muda mrefu zaidi.