Fonte Gaia ya Siena: yanayosemwa na ukweli wake

Fonte Gaia ni chemchemi iliyojengwa kwenye Piazza del Campo, uwanja mkuu wa Siena, Italia: birika la mstatili, kuta za marumaru pande tatu, na mbwamwitu wa mawe wanaotoa maji kinywani. Watalii huisifu sana, lakini wengi huisifu kwa mambo ambayo si yake.

Dhana: Michongo ya kuta zake ni ya mchongaji Jacopo della Quercia.
Jacopo alipewa kazi mwaka 1408, akaimaliza 1419, na watu wakamwita Jacopo della Fonte, yaani Jacopo wa Chemchemi. Ila jua na mvua za zaidi ya karne nne zilitafuna marumaru yake mpaka nyuso zikafutika. Inayopigwa picha leo ni nakala ya Tito Sarrocchi, iliyokamilika 1868, tena nakala pungufu: Rhea Silvia na Acca Larentia, wanawake wawili wa kisa cha Romulus na Remus, mapacha wa hekaya ya kuanzishwa kwa Roma, hawakurudishwa. Mawe ya Jacopo yenyewe yamehifadhiwa Santa Maria della Scala, hospitali ya zamani inayotazamana na kanisa kuu. Nenda ukayaone. Yamelika, lakini mikunjo ya nguo aliyoichonga Jacopo bado inashinda unadhifu wote wa nakala.

Dhana: Maji yanabubujika chini ya uwanja.
Siena iko juu ya vilima na haina mto. Zamani wenyeji waliamini kuna mto uliofichika ardhini, Diana, wakautafuta kwa gharama kubwa wasiupate. Kilichowaokoa ni bottini, mtandao wa mahandaki wa kilomita 25 hivi. Mvua hupenya kwenye mwamba wa mchanga hadi ikutane na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Hapo hudondoka handakini, tone kwa tone, na kuingia kwenye mfereji mwembamba uliochongwa sakafuni. Mteremko ni mdogo mno, ila unatosha: maji hutembea yenyewe bila pampu, yakiacha matope kwenye vibirika vya njiani. Yalifika uwanjani miaka ya 1340, kabla Jacopo hajazaliwa. Kwangu mimi, huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote pale.

Dhana: Mahandaki hayo yalichimbwa na Warumi.
Sehemu kubwa ni kazi ya Zama za Kati, kwa sululu na taa za mafuta.

Dhana: Siku hizi ni maji ya bomba tu.
Hapana. Majumbani ndiko yanakotumika maji kutoka Mlima Amiata, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Fonte Gaia bado inalishwa na bottini.