Nodi hazikai ndani ya mchoro

Jumamosi moja nilipanda ngazi za jengo la ghorofa sita kule Kasarani, kadi mpya ya kumbukumbu mfukoni, roho imetulia. Stima ilikuwa imepotea na kurudi mara tatu usiku, na kadi ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoongoza pampu ya tangi la juu, ikafa. Sikuona shida, maana flows.json, faili yenye mchoro wa kazi ya pampu, nilikuwa nayo. Nikaiweka mahali pake, nikawasha Node-RED, programu ya kuongoza vifaa kwa kuunganisha vijisanduku viitwavyo nodi, nikafungua kivinjari kwenye porti 1880. Mchoro wangu ulikuwepo wote, lakini nodi kadhaa zilikuwa zimezungushiwa mistari ya vidoti, na ujumbe juu ukasema mitiririko, yaani michoro hiyo ya nodi, imesimamishwa kwa sababu kuna aina za nodi zinazokosekana. Hata sehemu zisizozihusu nodi hizo hazikuanza.

"Fundi, hii maji itatoka saa ngapi?" msimamizi akauliza. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anapumzisha mtungi kwenye ngazi.

Kosa lilikuwa langu. Flows.json huhifadhi mchoro tu: nini kimeungwa na nini, kwa mipangilio gani. Nodi za kuongeza zenyewe hukaa kwenye folda ya .node-red, ndani ya node_modules, na orodha yake iko kwenye package.json ya folda hiyo hiyo. Mimi nilihitaji mbili: ya serial port (njia ya waya ya kuunganisha vifaa) inayosoma kihisi cha kimo cha maji, na ya dashibodi. Nilizishusha kwa bando la simu.

Siku hizi nabeba package.json pamoja na flows.json, halafu flows_cred.json yenye nywila, na ufunguo wake niliouweka kwenye settings.js. Bila ufunguo huo nywila zote utaziandika upya. Ukishaweka faili hizo, ingia kwenye .node-red kwanza ndipo uandike npm install, amri ya kushusha nodi zilizoorodheshwa kwenye package.json. Ukiiandika ukiwa folda nyingine, huenda paleti, orodha ya nodi za kutumia, isione kitu.

Kwa kazi ya kila siku, menyu ya Manage palette inatosha. Nodi mpya huwa tayari papo hapo. Ukisasisha ya zamani, mara nyingi lazima uwashe Node-RED upya, kwa hiyo usifanye hivyo pampu ikiwa inavuta maji. Kabla ya kusakinisha naangalia ilisasishwa lini mara ya mwisho. Yeyote anaweza kuchapisha nodi kwenye npm, hazina ya mtandaoni zinakoshushwa, na ikishaingia inafanya kazi kwa ruhusa zote za Node-RED yenyewe. Ya serial port ina kero yake: ukipandisha toleo la Node.js, mfumo unaoendesha Node-RED, inaweza kugoma hadi uandike npm rebuild.

Kuondoa ndiko kunakochanganya wengi. Kitufe cha kuondoa hakitokei, paleti inasema nodi inatumika, na wewe umeshaifuta kwenye kila kichupo. Fungua paneli ya kando, sehemu ya nodi za mipangilio, ambazo hazionekani kwenye mchoro. Pale Kasarani nilikuta moja ya serial port ya kifaa tulichokitoa zamani, watumiaji sifuri. Nikaifuta, nikabonyeza Deploy ili mabadiliko yaanze kazi, na kitufe kikatokea.