Shusheni redio mezani: dhana potofu kuhusu kituo cha redio ya ridhaa (ya kuwasiliana kwa kujifurahisha, si ya matangazo)

"Redio ikae rafuni, usawa wa macho, masafa yasomeke vizuri." Kila anayelalamikia bega hukuambia hivyo, na bega lenyewe limeumizwa na rafu hiyohiyo. Skrini ya redio unaitupia jicho tu, lakini nobu kubwa ya kutafutia masafa unaizungusha saa nzima. Ukiipandisha redio kuyapendelea macho, mkono unabaki hewani bila egemeo. Misuli ya bega na shingo inakaza muda wote kuubeba, na katika mashindano ya saa 48 kama CQ World Wide hutasubiri siku ya pili kuyasikia maumivu.

Pima hivi. Kaa kwenye kiti unachotumia kila siku, acha mikono ining'inie ubavuni, kunja viwiko nyuzi 90, fumba macho, kisha sogeza kigasha mezani mpaka kitulie. Vidole vilipoangukia ndipo nobu inapotakiwa kuwa. Kwa wengi ni sm 35 hadi 45 kutoka ukingo wa meza, kimo cha sm 5 hadi 10. Kigasha kiegemee karibu chote. Kinachoegemea kikiwa kifundo cha mkono peke yake, tena juu ya ncha kali ya meza, mshipa wa fahamu unabanwa na vidole vinaingia ganzi.

Utajibiwa kwamba skrini sasa haisomeki. Basi kunjua miguu ya mbele ya redio, au ingiza kipande cha mbao cha sm 2 au 3 chini ya ukingo wa mbele, uso wake ukutazame. Macho hayachoki kutazama chini kidogo. Kinachostahili kusimama wima mbele yako ni skrini ya kompyuta: sm 50 hadi 70 kutoka usoni, ukingo wake wa juu usipite macho. Rafu waachie mita ya SWR (inayopima nguvu inayorudishwa na antena) na pawasaplai, vitu visivyoguswa kila dakika.

Kwa kweli wengi hukimbilia rafu kwa sababu meza ni fupi. Meza ya kina cha sm 60 ikigusa ukuta, redio kama IC-7300 inakula sm 24, plagi ya antena ya PL-259 na kona ya kebo nyuma yake zinakula kama sm 10, kigasha kinabakiwa na 26. Hazitoshi. Kabla hujanunua meza nyingine, ivute hiyohiyo sm 15 kutoka ukutani, redio isogee mpaka ukingo wa nyuma na kebo zianguke nje. Umepata sm 36, na feni inapumua.

"Kompyuta ikiwashwa redio inarusha yenyewe, imeharibika." Haijaharibika. Kompyuta ikiwaka, au programu ikifungua poti, laini za RTS na DTR (nyaya za ishara za poti hiyo) zinaweza kupanda, na redio iliyopangwa kurusha kwa laini hizo inatii. Zima USB SEND kwenye menyu, urushaji uamriwe kwa CAT, yaani amri za maandishi ambazo kompyuta huitumia redio. Na kama programu mbili zinagombea poti moja, weka rigctld, programu ya kupokezana amri za redio, katikati, zote mbili zipitie kwake, poti 4532.

"USB ikikatika wakati wa kurusha, chimbia fimbo nyingine ya ethi." Jamani! Fimbo ina kazi yake siku ya radi. Hapa kuna mkondo wa redio unaorudi nyumbani kwa nje ya koaksi, kebo ya antena. Weka choki, kizuizi cha mkondo huo, pale koaksi inapoungana na antena, kisha zungusha kebo ya USB mara 5 hadi 7 ndani ya ringi ya feraiti aina ya 31.

Swichi ya mguu ya kurushia si mbwembwe za washindani, inaachia mkono kibodi. Ila iwe bapa, kisigino kibaki sakafuni, la sivyo umehamishia maumivu mguuni.

"Kifundo kikiuma kwa Morse, kaza springi mkono uzoee." Mkono hauzoei, unaumia zaidi. Springi ya padeli, kifaa cha kupigia Morse, iwe na nguvu ya kuirudisha tu, mwanya wa kontakti uwe kama unene wa karatasi, vidole vifanye kazi huku kigasha kimelala. Padeli ikianza kutambaa mezani, usiikamate kwa mkono wa pili: kitako ni chepesi, kiongezee uzito au kitandikie mpira usioteleza.