Hati Ni Nusu ya Habari: Maswali ya Ardhi Tunayoulizwa Kila Siku

Mama mmoja anayeuza mitumba hapa Busia, Uganda, aliingia ofisini kwetu akiwa ameikumbatia bahasha ya kaki kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na hati ya ekari moja ya mailo (umiliki wa ardhi ulioanzia Buganda) wilayani Mukono, yenye jina lake, muhuri, na nambari za bloku na ploti. "Wakili, hati ninayo mkononi," alisema. "Mbona watu hawa wanakataa kutoka?"

Watu hao ni familia yenye nyumba ya mabati, migomba, na makaburi mawili ya wazee wao, vyote ndani ya ekari ile ile. Nao walikuwa na bahasha yao: stakabadhi za busuulu, yaani kodi ndogo ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi, za miaka na miaka, nyingine wino umefifia hadi uziinue dirishani ndipo usome. Tuliikagua hati ya mama kwenye rejista tukaikuta halali. Haki ya familia ile ya kukaa pale nayo ilikuwa halali. Aliyewakosea wote wawili ni dalali aliyemwonyesha mama kiwanja akiwa ndani ya gari, kwenye mvua, huku akimwambia kwamba wale ni vibarua wa shamba.

Nafanya kazi ya msaada wa kisheria, na wengi wanaonijia huzungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya soko na ya mpakani. Kila mmoja huja na swali lake, lakini nikiyachimba maswali hayo nakuta mzizi mmoja: mtu ameamini kwamba karatasi ikishapatikana, mambo yamekwisha. Ardhi ya Uganda haiko hivyo. Sehemu moja ya habari imeandikwa kwenye rejista, sehemu nyingine iko juu ya ardhi yenyewe, na lazima uzisome zote mbili kabla hujatoa shilingi.

Katiba ya 1995, katika ibara ya 237, inasema ardhi ni ya raia wa Uganda, nao huimiliki kwa njia nne: ya kimila, ya umiliki huru usio na kikomo cha muda, ya mailo, na ya kukodi kwa miaka maalumu, ambayo wengi huiita lisi. Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, pale Waingereza walipogawa ardhi kwa maili za mraba na kuwapa Kabaka, machifu na watu wengine mashuhuri. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Palikuwa na wakulima wenye nyumba zao na mashamba yao, na hao ndio asili ya vibanja tunavyovijua leo, yaani sehemu ambazo watu wanakaa na kulima kihalali ndani ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mtu aliyekaa na kuitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi bila kupingwa na mwenye hati kabla Katiba haijaanza kutumika. Inamtambua pia aliyeingia kwa idhini ya mwenye ardhi, na aliyenunua kihalali kutoka kwa watu hao. Kwa hiyo ukiuliza "Ardhi hii ni ya nani?", jibu la kweli laweza kuwa na majina mawili.

Ndiyo maana yule mama hawezi kuwatoa wale watu. Ukinunua hati ya mailo yenye vibanja juu yake, unawapokea wenye vibanja pamoja na haki zao. Mwenye ardhi amebadilika, wao hawajabadilika. Marekebisho ya sheria ya 2010 yanasema mwenye kibanja hutolewa kwa amri ya mahakama tu, na kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu. Hata hapo mahakama humpa muda usiopungua miezi 6 wa kuondoka. Naye mwenye kibanja akitaka kuuza, sheria inamtaka ampe mwenye hati nafasi ya kwanza ya kununua, kama vile mwenye hati anavyotakiwa kumpa yeye. Nimeona vibanja vingi vikiuzwa kimyakimya usiku kwa usiku, kisha mnunuzi akafika na matofali yake na kukutana na mwenye hati ambaye hajawahi kusikia jina lake.

Kwa hiyo nenda shambani. Nenda mchana, kwa miguu, na urudi siku nyingine bila dalali. Zungumza na majirani wasiochaguliwa na muuzaji. Ukiona migomba iliyozeeka, uliza nani aliipanda. Ukiona kaburi, uliza la nani. Tafuta mawe ya mpaka, na kama huyaoni, mlipe mpima ardhi mwenye leseni ayafukue kabla hujalipa chochote. Huko Buganda utaona pia miti ya mulamula iliyopandwa mpakani. Kama safu ya miti hiyo inakata katikati ya ardhi unayoonyeshwa, hapo pana habari ambayo hujaambiwa.

Kisha nenda kwenye rejista. Hati aliyonayo muuzaji ni nakala ya mwenye ardhi. Nakala ya asili imebaki serikalini. Wizara ya Ardhi ina ofisi za kanda, kwa mfano Mukono, Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu na Arua, na huko unalipa ada na kupewa ripoti ya ukaguzi. Ripoti hukuonyesha mwenye jina ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu ameweka kaveti, yaani zuio. Ukaguzi huu ufanye wewe au wakili wako. Ripoti uliyoletewa na muuzaji usiitegemee, hata kama ina muhuri, kwa sababu mihuri inachongwa barabarani.

Watu wengi huniuliza kama makubaliano yaliyopigwa muhuri na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hayatoshi. Muhuri wa mwenyekiti ni ushahidi kwamba mlikaa mbele yake mkakubaliana, na ushahidi huo una thamani, hasa kwa ardhi ya kimila na kwa vibanja. Lakini haumgeuzi asiye na ardhi kuwa mwenye ardhi, wala hauhamishi hati. Hati huhamishwa na Msajili baada ya fomu za uhamisho kutiwa saini, mthamini wa serikali kuikadiria ardhi, na ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani hiyo kulipwa. Na ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya wenyeviti huwadai wanunuzi haimo katika Sheria ya Ardhi. Mkitaka kumshukuru kwa muda wake, hiyo ni hiari yenu.

Swali linaloniumiza zaidi ni la mikopo. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alihitaji milioni tano za karo. Mkopeshaji hakumpa mkataba wa mkopo. Alimpa mkataba wa mauzo ya nyumba na fomu ya uhamisho ambayo tarehe haikujazwa, akamwambia, "Mzee, hii ni dhamana tu." Mzee alitia saini. Alipochelewa miezi miwili, tarehe ilijazwa, na nyumba ikawa ya mtu mwingine. Kesi kama hizi hatushindi kirahisi, kwa sababu karatasi inasema aliuza na saini ni yake mwenyewe.

Rehani ya kweli haimpi mkopeshaji ardhi yako. Inaandikwa kwenye rejista kama rehani, na jina lako linabaki pale pale. Chini ya Sheria ya Rehani ya 2009, ukishindwa kulipa, mkopeshaji hukupa notisi ya maandishi na siku 45 za kazi za kurekebisha. Zikipita, hukupa notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Muda huo ni wa kukimbilia benki mkapange upya malipo, au kwa wakili, au kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei nzuri kuliko ya mnada. Ukienda mahakamani kuuzuia mnada, kanuni za 2012 zinairuhusu mahakama kukutaka kwanza uweke asilimia 30, ama ya deni lililobaki, ama ya bei ambayo nyumba ingepata katika mauzo ya haraka. Watu huja kwetu asubuhi ya mnada wakiwa na nauli tu mfukoni. Njoo siku ile ile unapopokea notisi ya kwanza. Na kabla ya yote, kama karatasi unayopewa ina neno la kuuza wakati wewe unakopa, weka kalamu chini.

Na je, mume anaweza kuweka rehani nyumba ya familia bila mke kujua? Hawezi, wala mke hawezi bila mume. Ardhi ambayo familia inakaa na kujipatia riziki haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya maandishi ya mwenzi wa ndoa, iliyotolewa mapema; Sheria ya Ardhi na Sheria ya Rehani zote zinasema hivyo. Lakini nisikudanganye, dada yangu: kinga hii ni ya wanandoa. Ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya serikali au ya kimila, zote zinatambuliwa. Mliokaa pamoja tu, hata kwa miaka ishirini na watoto watano, sheria hii haiwahesabu kuwa mume na mke. Kama mnajenga pamoja katika hali hiyo, majina yote mawili yaandikwe kwenye hati tangu mwanzo.

Pana jambo jingine ambalo linatuhusu hasa sisi wa Kiswahili. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka anayemwandikia mtu wa namna hiyo amsomee na kumweleza yaliyomo, kisha aandike jina lake kamili na anwani yake kwamba ndiye aliyeandika. Mahakama zimekataa hati ambazo hazikufuata utaratibu huo. Basi usione haya. Sema, "Nisomee kwa Kiswahili, aya moja moja," na aliyekusomea aandike jina lake.

Lisi ina mtego wake, nao ni tarehe. Nilionyeshwa hati nzuri ya lisi ya miaka 49, na mnunuzi alikuwa akihesabu kuanzia siku atakayonunua yeye. Nikafungua ndani: muda ulianza Julai 1982. Yaani unakwisha 2031, na baada ya hapo ardhi inamrudia aliyekodisha asipokubali kuuongeza. Soma tarehe ya kuanza, soma masharti ya ujenzi, na uliza kama ridhaa ya aliyekodisha inahitajika kabla ya kuuza. Kwa jirani zetu wasio raia, Wakenya, Wakongo, watu wa Sudan Kusini, lisi ndiyo njia pekee, isiyozidi miaka 99. Kununua mailo kwa jina la shemeji ambaye ni raia ni kumpa shemeji ardhi.

Kuhusu ardhi ya kimila, ambayo huku mashariki na kaskazini ndiyo ya wengi wetu, msiamini kwamba bila hati hamna haki. Katiba inaitambua kama ilivyo. Mnaweza kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo, nayo bodi ya ardhi ya wilaya huidhinisha. Kikiandikwa, hakikisheni majina ya wanawake wa nyumba hiyo yamo, maana uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kuifikia na kuitumia ardhi ni batili kisheria.

Ardhi ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Anayeuza ni yule mwenye barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, au msimamizi aliyetajwa kwenye wosia na kuthibitishwa na mahakama. Muulize muuzaji barua hiyo, na kama hana, ondoka.

Wapangaji wa nyumba, kwa ufupi: Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka makubaliano ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi, na kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Yule mama wa mitumba? Tulikaa na familia ile mara tatu, chini ya mwembe wao, tukiwa na mkalimani wa Luganda. Amekubali kupokea busuulu. Wao wamekubali kupima na kumwachia robo ekari iliyo wazi upande wa barabara, na tumeyaandika makubaliano hayo kwa lugha zote mbili, yakasomwa kwa sauti kabla ya saini. Pesa alizotoa kwa ekari nzima hazijarudi. Dalali hapokei simu. Tumefungua jalada polisi, na mama amenipa ile bahasha ya kaki tuitunze ofisini.