Mtoto akitishiwa mtandaoni: usifute ujumbe, usiyamalize nyumbani

Kila shule zinapofungwa Desemba, ofisi za ustawi wa jamii huku Nyanda za Juu Kusini hupokea malalamiko ya aina moja. Ni msimu wa kupanda. Mzazi wa Rungwe au Mbarali anashinda shambani, kijana anabaki nyumbani na simu. Waliomaliza kidato cha nne nao wamenunuliwa simu ya kwanza huku wakisubiri matokeo.

Visa vinafanana. Akaunti yenye picha ya msichana mrembo inamwomba mvulana urafiki Facebook au Instagram. Wakishazoeana, mazungumzo yanahamia WhatsApp, mvulana anaombwa picha ya utupu, anatuma. Baada ya hapo anadaiwa pesa, la sivyo picha itarushwa kwenye grupu la darasa lake. Nasema mvulana makusudi, kwa sababu wazazi wengi wanamlinda binti tu, na wavulana wanaumia kimya. Iringa, Mafinga na Njombe tunaona sura nyingine: binti anaahidiwa kazi ya ndani au ya dukani Dar es Salaam na mtu asiyemjua, anatumiwa nauli kwa simu na kukatazwa kuaga. Hilo linaweza kuwa usafirishaji haramu wa binadamu, kosa lenye sheria yake tangu mwaka 2008.

Mzazi akigundua, hatua ya kwanza ni fimbo, ya pili ni kuvunja simu. Tumelieleza hili mara nyingi. Mtoto aliyetishiwa ni mwathirika, hata kama picha aliipiga mwenyewe, na simu ile ndiyo ushahidi. Ukifuta mazungumzo kwa aibu, umemsaidia mhalifu.

Utaratibu ni huu. Usifute kitu, usimfungie mhusika kabla hujahifadhi namba yake, jina la akaunti, tarehe na saa za ujumbe. Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Taarifa itaandikwa kwenye kitabu cha matukio na utapewa namba ya taarifa hiyo, ile mnayoiita RB. Itunze, kwani kila ufuatiliaji utaanzia hapo. Mtoto atatoa maelezo akiwa na mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii. Simu inaweza kuchukuliwa kama kielelezo, nawe utadai hati ya makabidhiano yenye aina ya simu na namba yake ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo utaipata kwa kubonyeza *#06#. Kama ameguswa kimwili, omba fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu, na umfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya muda huo.

Picha ya utupu ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata afisa. Lete simu yenyewe. Kuna wazazi na hata viongozi wa mtaa wanaoisambaza wakisema wanatahadharisha wenzao, na kwa kweli inachosha kurudia jambo hili kila mwaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inasema anayechapisha picha za ngono za mtoto kwa njia ya kompyuta, na simu imo, atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kifungu cha 23, cha unyanyasaji mtandaoni, kina faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nia njema ya kutahadharisha haikuondolei kosa.

Mara nyingine aliyesambaza ni mwanafunzi mwenzake. Hapo wazazi wawili hukaa, wanapatana fidia, yanaisha. Hayaishi, kwa sababu picha bado inazunguka. Msiogope kuripoti kwa kudhani mtoto wa jirani atafungwa jela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kupewa adhabu ya kifungo, na shauri lake husikilizwa Mahakama ya Watoto, faragha.

Kuhusu laini: msisajilie watu laini kwa kitambulisho chenu cha NIDA kwa sababu ya ujirani. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kutishia mtoto, wa kwanza kuitwa ni wewe.

Umri wa chini wa TikTok, Instagram na WhatsApp ni miaka 13, hilo linafahamika. Lisilofuatiliwa ni mwaka wa kuzaliwa ambao mtoto ameujaza. Akidanganya kuwa ana miaka 20, ulinzi ambao Instagram huwawekea vijana hautamfikia. Kaeni naye mrekebishe. Huduma ya bure ya Take It Down nayo husaidia kuzuia picha ya utupu ya aliye chini ya miaka 18 isiendelee kusambaa kwenye mitandao iliyojiunga nayo, na picha yenyewe haitoki kwenye simu yake.

Mtoto anayeona haya kumwambia mzazi apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bure, mtandao wowote. Na msilipe. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Aliyekwisha kulipa naye aje hivyo hivyo, na asifute ujumbe wa muamala: pale kuna namba na jina la aliyepokea, na mara nyingi upelelezi huanzia hapo.