Ule si ufa, jamani

Picha ni ileile kila mwaka: mtu kaegesha bodaboda juu ya daraja la baipasi hapa Kisumu, kaingiza vidole kwenye pengo linalokata lami, na chini kaandika, "Wamekula saruji, daraja linapasuka." Safari hii nimeletewa na shemeji yangu, mtu niliyekwisha kumweleza. Haya basi.

Pengo hilo lilichorwa kwenye ramani kabla hata ya tingatinga kufika. Zege hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Daraja la meta 60 likipata tofauti ya nyuzi 20, urefu wake hubadilika kwa takriban milimita 12. Ukilinyima nafasi, litasukuma ukuta wa mwisho au litajivunja kingo. Ndiyo maana boriti zimelazwa juu ya vipande vya mpira vyenye mabamba ya chuma ndani, ili ziweze kusogea. Naam, mpira.

"Lakini mbona pengo limeongezeka tangu lifunguliwe?" Hapa ndipo ninapokereka, maana mlalamishi kaona sawasawa, kisha kahitimisha ovyo. Boriti zetu nyingi hubanwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu. Zege lililobanwa hivyo huendelea kufupika polepole kwa miaka, na huku linakauka, nako kukauka kunalifupisha zaidi. Pengo lisipopanuka kabisa ndipo nitakapokuja kuchungulia. Lipanuke kiasi gani? Tunakadiria. Kanuni za Ulaya zenyewe zinakiri kwamba makadirio ya ufupikaji wa kubanwa hutofautiana na hali halisi kwa asilimia 20 hivi, na ya ufupikaji wa kukauka kwa 30. Mimi huongeza akiba kidogo, na akiba hiyo haina hesabu ya kuitetea mbele ya mtu mkali.

Ule mruko unaokugongesha kichwa ukiingia darajani ni jambo jingine. Daraja limesimama juu ya nguzo zilizozamishwa hadi udongo mgumu. Tuta la barabara inayoingia darajani limekaa juu ya udongo mweusi wa tambarare za Kano, unaovimba masika na kunywea kiangazi. Tuta linashuka, daraja halishuki. Hapo lalamikeni, mna haki.

Na ukitaka picha ya maana, piga mpira wa kuziba pengo uliong'oka. Mchanga na mawe hujaa humo na kulifunga, maji hupenya hadi ncha za boriti na kuozesha nondo. Piga pia pale msamaria mwema alipoziba "ufa" kwa saruji. Hiyo nitumieni usiku huohuo.